Mjusi Arukaye Hakupita Karungu

Nyinyi mnaofika hapa kwangu Uriri na simu zenu, mnaketi, mnamaliza chai yangu, halafu mnanitazama kwa pembe ya jicho na kuuliza, "Mama, ni kweli ulikuwa fundi wa nyayo?" Ndiyo, ni kweli. Kuna fundi wa viatu, kuna fundi wa redio, na mimi nilikuwa fundi wa nyayo. Mnyama alipita kwenye tope zamani za kale, tope likakauka, likafunikwa, likawa jiwe, na mimi nikaja na ndoo yangu ya plasta kuchukua sura ya mguu wake kabla mvua haijaifuta. Sikuwa profesa. Nilikuwa mikono. Lakini ilikuwa mikono mizuri, na hilo nalisema mwenyewe bila kuona haya, maana nikiwangoja nyinyi mnisemee nitangoja sana.

Kazi hii niliifanya mpaka magoti yakakataa. Niliifanya huku kwetu, Karungu, Rusinga na rasi ya Homa, niliifanya Turkana, na kwa miaka mingi niliifanya ndani ya maabara Nairobi, nikiwa na vumbi jeupe hadi kwenye nyusi. Msitegemee niwapangie mambo moja, mbili, tatu. Sikumbuki hivyo. Nitawaambia yanayonichekesha na yanayofaa, kisha nitawaambia habari ya Otieno na lile jiwe lililokaribia kuwa kokoto, maana najua hiyo ndiyo iliyowaleta.

Tuanze na uji. Nilikuwa bado mgeni kazini. Tulikuwa juu ya Karungu, mimi na mwanafunzi mmoja kutoka ng'ambo, kijana mrefu mwenye kofia pana, tukakuta kwenye mwamba bapa safu mbili za mashimo. Yamekaa sawasawa, kushoto na kulia, kushoto na kulia, mpaka mwisho. Yule mwanafunzi aliniangalia, nami nikamwangalia. Tulikoroga plasta tukaimwaga kwenye mashimo yote, tukaketi kando kama watu waliokwisha kupewa zawadi.

Kabla haijakauka vizuri, wazee wawili wachungaji walitokea na mfuko mdogo wa kokwa. Mmoja alisimama, akainama, akagusa kwa kidole, akauliza, "Ni nani huyu amemwaga uji kwenye ajua yetu?"

Yawa! Ajua ni bao letu, ule mchezo wa mashimo na kokwa. Wachungaji wanauchonga kwenye jiwe lolote lililo bapa, waucheze huku ng'ombe wakila. Sisi tuliona mnyama wa kale anatembea, kumbe ni wazee na bao lao. Walituketisha hapo mpaka plasta ikakauka, wakatusimamia tukaitoa kipande kwa kipande, halafu wakasema adhabu yetu ni kucheza nao. Nilifungwa vibaya sana. Yule mwanafunzi alifungwa vibaya zaidi. Tangu siku hiyo, kabla sijakoroga chochote, namtafuta kwanza mwenye mahali pale, namsalimu, namuuliza jiwe hili mnalifanyia nini.

Na maneno pia yanaponza. Enzi zile neno "nyayo" lilikuwa na wenyewe, lilikuwa wito wa Rais. Lilikuwa kwenye maziwa ya shule, kwenye mabasi, kwenye hotuba zote, na kila mtu alitakiwa kuzifuata. Siku moja mzee wa kijiji aliniuliza natafuta nini milimani na mfuko mgongoni. Nikamjibu kwa Kiswahili changu safi cha shuleni, "Natafuta nyayo za zamani." Mzee alitazama huku, akatazama kule, akanisogelea na kuninong'oneza, "Dada yangu, kwani hizi za sasa zina ubaya gani?" Niliondoka mbio. Baada ya hapo nilisema natafuta alama za miguu, na hakuna aliyeninong'oneza tena.

Aliyenifundisha kusoma tope ni Mzee Marwa, Mkuria wa kule mpakani na Tanzania. Ujana wake aliumaliza kufuata ng'ombe walioibwa. Ng'ombe wakipotea usiku, yeye ndiye aliyeitwa asubuhi kutazama ardhi, na alikuwa anaweza kukuambia ng'ombe hawa wamefukuzwa, hawa wamevutwa kwa kamba, huyu mmoja anachechemea. Daktari aliyeongoza kazi yetu, mama mmoja mpole aliyependa kuvaa gamboti hata ndani ya ofisi, alimwajiri bila kusita na alimketisha karibu naye kila siku. Walibishana kwa heshima kutwa nzima. Mzee Marwa aliniambia, "Binti, usiipende alama moja. Alama moja itakudanganya. Tafuta inayofuata, halafu inayofuata hiyo, ndipo uanze kusema." Alinifundisha pia kutazama ukingo. Tope linalosukumwa linavimba upande ule mguu unaokwenda, na mguu uliokuja baadaye unalisukuma tope liingie ndani ya mguu uliotangulia. Ukijua hilo unajua nani alipita kwanza.

Nyinyi wa siku hizi mnapiga picha nyingi kwa simu, mtambo unazishona pamoja, na unyayo unazunguka kwenye kioo cha simu kama kuku anayechomwa dukani. Vizuri. Sina wivu. Ila simu haitakwambia uje saa ngapi. Jua la saa sita ni mwongo, linajaza kila shimo mwanga na jiwe lote linaonekana tambarare. Njoo asubuhi jua likiwa chini, au jioni, au beba kioo cha kujitazamia ulaze mwanga ubavuni. Lowesha jiwe kidogo kwa brashi laini, msije mkasugua na brashi ya waya nikawasikia. Paka sabuni ya maji nyembamba ili plasta isishike. Na plasta inatiwa kwenye maji, si maji kwenye plasta. Nimewaona watu na digrii zao wakimwaga maji juu ya unga na kuishia na mabonge ya ugali. Ukiona inaanza kupata joto mkononi, basi, acha kuigusa. Inajua inachofanya.

Sasa hawa mijusi warukao. Kwanza hawakuwa mijusi hasa, na ndege hawakuwa, na popo hawakuwa. Walikuwa jamii yao wenyewe, wakaisha pamoja na yale majitu makubwa, dinosaria, mnayoyaona kwenye katuni. Wengine walikuwa wadogo kama kunguru, wengine ungewaona ungeacha viatu vyako hapohapo. Hewani walijua mambo yao, lakini kazi yetu sisi ilikuwa walipotua. Nyayo zao zinapatikana sana kwenye tope la ufuoni, kando ya ghuba na maziwa ya kale, mahali palipokuwa na konokono, minyoo na samaki wadogo. Walitembea pale wakidonoa, na wakati mwingine alama ndogo za mdomo zimebaki pembeni mwa nyayo.

Niliyajua haya yote kwa sababu ya sanduku. Tuliletewa nakala za plasta kutoka ng'ambo kwa ajili ya maonyesho, na sanduku lilikuwa limepigwapigwa njiani, vipande vimechanganyika. Daktari akasema tuvipange upya. Tukapata nyayo ndefu, zenye vidole vinne na kisigino, karibu kama mguu wa mtoto wa mtu. Tukapata pia fupi, zilizopinda, vidole vitatu, kimoja kikitazama nyuma kabisa. Mimi nikazitenga marundo mawili. Wanyama wawili, nikasema. Mzee Marwa akapita na kikombe chake, akaweka kidole kwenye ile fupi, kisha kwenye ile ndefu. "Hii fupi imezama zaidi," akasema. "Mnyama ni mmoja. Anaegemea mbele. Hii ni mikono yake." Daktari akapiga makofi, maana ndivyo ilivyokuwa imeandikwa na waliotuletea zile nakala, ila hakutaka kutuambia mapema.

Mimi sikuridhika. Mnyama ana bawa, bawa analiweka wapi akitembea? Daktari akanieleza kwamba bawa lilishikwa na kidole kimoja kirefu ajabu, cha nne, na akiwa chini alikikunja kuelekea juu na nyuma, vidole vitatu vidogo vikakanyaga. Nikasema ngoja. Tulikuwa na tope ndani ya trei kubwa nyuma ya maabara. Nikaazima miavuli miwili, nikaikunja, nikaifunga kwenye mikono ili incha zitazame juu, nikapanda kwenye tope kwa miguu na mikono, na nikatembea. Mikono ilitaka yenyewe kukaa nje ya mstari wa miguu, kwa sababu miavuli ilinizuia kuibana. Nilikuwa katikati ya trei, tope hadi viwikoni, miavuli ikinichomoza mabegani, wakati masista waliokuja kutembelea maabara walipoingia mlangoni. Sista mmoja mzee alishika msalaba wake akauliza, "Jamani, huyu mama anaumwa?" Daktari akamjibu bila kutabasamu, "Hapana, Sista. Anaruka."

Mpaka leo wako wanaoniita Mama Miavuli. Siwachukii. Lakini ndiyo maana, mtu akiniambia ameona nyayo za mjusi arukaye, mimi natafuta jambo moja tu kwanza: mkono uko wapi?

Sasa Otieno. Huyu ni kijana wa Karungu aliyechoka kuchimba dhahabu Masara, akarudi nyumbani na macho ya mtu aliyezoea kutazama mawe. Nilikuwa nimeshastaafu. Akaja hapa kwangu na pikipiki, jasho linamtiririka, hata kofia ya chuma hajavua.

"Mathe, nimempata!"

"Mathe ni nani? Nilikuzaa lini mimi?"

"Pole, Mama. Nimempata yule wako wa miavuli. Yuko kwa Dani Aloo, ndani ya korongo. Anatembea kwa miguu minne, na amedonoa, nimeona hata alama za mdomo."

Alikuwa amesoma, lazima nimpe haki yake. Alinionyesha picha kwenye simu, akanionyesha vidole vitatu mbele na kimoja nyuma, akanionyesha alama nyingine kando yake. Moyo wangu uliruka, sitawaficha. Halafu akaniambia lililobaki, na moyo ukarudi chini. Barabara ilikuwa inakuja. Mkandarasi alikuwa amechagua korongo lile kuwa machimbo ya mawe, kwa sababu liko karibu na jiwe lake linavunjika kwa urahisi. Tingatinga lilikuwa limeshaegeshwa. Wazee walikuwa wamekubaliana hivi: kama aliyepita pale ni mjusi arukaye, kitu ambacho hakipatikani kwingine, korongo litaachwa. Kama ni mnyama wa kawaida, jiwe lisagwe. Baraza lilikuwa Alhamisi, na mimi ndiye niliyetakiwa kusimama na kusema.

"Nani alisema nitasema?" nikauliza.

"Mimi," akajibu. "Nilisema Mama Miavuli akiona atajua."

Sasa mjue huyu Dani Aloo. Dani kwa lugha yetu ya Dholuo ni bibi, na yeye ni bibi kweli, Msabato tangu utotoni, mwembamba, hapotezi maneno. Ardhi yote ile ni yake. Na kama kuna mtu aliyeililia barabara ile, ni yeye. Mkaza mwanawe alishikwa na uchungu wa kuzaa wakati wa mvua kubwa. Wakampakia kwenye pikipiki, pikipiki ikazama kwenye tope, wakambeba kwa kitanda, na hakufika hospitali. Yeye wala mtoto. Kwa hiyo mtu asije akafikiri kwamba katika habari hii kuna watu wabaya wanaovunja mawe na watu wazuri wanaoyapenda. Mimi mwenyewe nimezaa. Najua barabara ni nini.

Nilikwenda. Nilimsalimu Dani kwanza, kisha tukashuka korongoni mimi na Otieno, asubuhi, jua likiwa bado chini. Alikuwa amefagia jiwe kwa ufagio wa nyasi, vizuri kabisa. Na lo! Wanangu, nimeona nyayo nyingi, lakini zile zilikuwa safi. Nyayo kubwa zilitoka upande wa milima ya Gwasi zikavuka jiwe zima kwa mwendo wa taratibu, mguu baada ya mguu, na alama ndogo za mdomo kando yake, kisha zikaingia chini ya ukingo wa udongo. Gwasi ile mnayoiona imetulia ilikuwa volkano. Ilitema jivu la namna yake, jivu ambalo likinyeshewa linashika kama saruji. Mnyama akikanyaga jivu lililolowa, likakauka, na jivu jingine likaanguka juu yake, basi amehifadhiwa. Chini yake kulikuwa na tope la ziwa, si ziwa hili letu, ziwa jingine lililokuwepo kabla halijazaliwa hili, lenye mamba na kobe na msitu ukingoni.

Nilipiga magoti, magoti yakalalamika, nikayaambia nyamazeni. Nikatafuta mkono.

Hakukuwa na mkono. Zile alama za pembeni zilikuwa na vidole vitano, na katikati yake ulipita mstari mwembamba wa mkia uliokokotwa. Mamba mdogo. Na ukingo wa tope lake ulikuwa umeingia ndani ya nyayo zile kubwa, maana yake alipita baadaye. Walikuwa wapita njia wawili waliopishana, Otieno akawaunganisha wakawa mmoja. Ni kosa la heshima. Hata mimi ningekuwa mgeni ningelifanya. Tena jiwe lenyewe lilikataa: mijusi warukao waliisha zamani mno, na mawe ya Karungu hata theluthi ya umri huo hayafiki. Wakati jivu lile linaanguka, hakukuwa na hata mmoja duniani.

"Ni ndege," nikamwambia. "Ndege mkubwa wa miguu mirefu, wa kutembea majini."

Otieno alikaa chini kwenye jiwe. "Ndege," akasema. "Ndege tu?"

"Ndege tu wa nini? Unajua ni wachache kiasi gani waliobaki hivi?"

"Mama, mimi najua. Wewe unajua. Lakini wao watasikia ndege, watasema ndege wako hata pale sokoni, leteni tingatinga." Akanishika mkono. "Si useme tu ni yule mjusi? Neno moja tu. Itakudhuru nini? Jiwe litabaki, na baadaye wataalamu wakija watajua wenyewe."

Nilikasirika. Si kwamba nilimkasirikia yeye hasa. Nilikasirika kwa sababu jambo lile lilikuwa rahisi na nililitaka. Nililitaka kabisa. Nikamwambia, "Otieno, nikisema uongo leo nikaokoa jiwe, jiwe lile litakuwa linasema uongo kila siku. Watu watakuja kutazama uongo wangu. Na siku watakapojua, watasaga hili na lingine lote litakalopatikana Migori na Homa Bay, na watakuwa na haki."

"Basi utakuwa umelivunja wewe," akasema. "Si lile tingatinga. Wewe."

Hakuongea na mimi tena siku ile. Niliketi korongoni peke yangu nikakoroga plasta, nikachukua nyayo nilizoweza, nikiwa na hasira na kila kitu hata ndoo. Nilijua nachukua sura ya kitu ambacho pengine hakitakuwepo wiki ijayo. Mikono ilifanya kazi vizuri.

Alhamisi baraza lilikuwa hukohuko ukingoni, ili watu waone. Wazee walikuwa kwenye viti, akina mama kwenye nyasi, msimamizi wa mkandarasi amesimama na kofia yake ya njano mkononi, Dani Aloo kwenye kiti cha plastiki na fimbo yake. Otieno alisimama nyuma kabisa, mikono kifuani, hanitazami.

Naibu wa chifu akaniita. Nikasimama, nikavuta pumzi, nikasema kwa sauti ili isiwe na shaka, "Mjusi arukaye hakupita hapa. Aliyepita hapa ni korongo."

Halafu mzee mmoja akauliza, "Korongo limepita kwenye korongo? Namna gani?"

Mwingine akajibu, "Anasema korongo lilikuwa kule, likahamia hapa. Mafuriko."

"Hapana, ni ndege," nikasema, "korongo ni ndege, yule wa miguu mirefu!"

"Kwa hivyo ni ndege au ni korongo?"

Watu walicheka mpaka wengine wakajishika mbavu, na mimi nikacheka. Hiki Kiswahili chetu cha kuazima kitatuua. Nikaacha Kiswahili, nikaeleza kwa Dholuo, taratibu: winyo, ndege, mkubwa, alitembea hapa kwenye tope, na mamba mdogo akapita baada yake. Nikawaonyesha mkono wa mamba na mkia wake. Nikawaambia nani alitangulia na nimejuaje. Nikawaambia nyayo hizi ni za kweli, ni nzuri, na ni chache, lakini si za mjusi arukaye, na yeyote atakayewaambia hivyo anawadanganya.

Kicheko kiliisha. Mzee wa kwanza akatikisa kichwa. "Basi ni ndege," akasema. "Makubaliano ni makubaliano." Msimamizi akavaa kofia yake. Nilimtazama Otieno, naye akatazama chini. Nikajua ndiyo hivyo, nimelimaliza lile jiwe.

Ndipo Dani Aloo akainua fimbo yake kidogo.

"Nyar Kasipul," akaniita. Kwetu mwanamke huitwa kwa alikozaliwa, na mimi ni wa Kasipul, upande wa Oyugis. "Miaka yenu ya mamilioni mimi siitaki, hiyo mbaki nayo. Nakuuliza jambo moja. Huyo ndege alikuwa anakwenda wapi?"

"Majini, Dani. Kulikuwa na maji upande ule. Alikuwa anadonoa njiani, anakwenda majini."

"Alifika?"

Nilitaka kusema ndiyo. Lingekuwa neno dogo, na hakuna mtu duniani angeweza kunipinga. Nikatazama pale nyayo zinapoingia chini ya ukingo wa udongo.

"Sijui, Dani," nikasema. "Zinaingia chini ya udongo pale. Hakuna aliyechimba."

Dani aliutazama ukingo ule. Kisha akamgeukia msimamizi. "Nyuma ya nyumba yangu, pale penye muhogo, kuna mwamba mweusi. Ni mgumu, utakutoa jasho, lakini ni jiwe. Chukua huo. Barabara naitaka, tena naitaka kabla ya mvua."

"Na muhogo, Dani?"

"Muhogo nitaung'oa."

"Na hili korongo?"

Dani alisimama, akaegemea fimbo. "Hilo liache," akasema. "Mwacheni afike."

Msimamizi alivua kofia yake tena, akainamisha kichwa, akaenda kumwambia mtu wa tingatinga ageuze. Mimi nilikaa kwenye nyasi na akina mama nikalia, waziwazi, bila leso. Otieno akaja akakaa kando yangu. Kesho yake alfajiri tulikuwa kwa Dani Aloo, mimi na yeye na majembe, tunang'oa muhogo.